Mvumo wa Bi Kizito

Uzi wa tatu ulikatika tena, na safari hii ulimchapa Mzee Kobero kwenye kidole. Hakulaani wala hakulalamika. Alikitia kidole mdomoni, akaliangalia gitaa lake kama mtu anavyomwangalia mtoto aliyemjibu vibaya mbele ya wageni, kisha akanigeukia mimi.

"Konso mwanangu, una uzi mwingine?"

Nilikuwa nao. Wiki hizo nilitembea na nyuzi mfukoni, maana mazoezi ya Bondwa Jazz yalikuwa hayafiki mwisho bila mmoja kukatika. Mzee alikuwa anakaza, analegeza, anakaza tena, na kitaa kidogo cha kutyuni kilichobandikwa kwenye ncha ya gitaa lake kilibaki chekundu. Method, mpiga ridhimu, alikuwa na kitaa kama hicho kwenye gitaa lake. Chake kilikuwa cha kijani. Cha mpiga besi kilikuwa cha kijani. Ukumbi mzima ulikuwa kijani isipokuwa pale alipokaa mtu aliyewafundisha wote wawili kushika gitaa.

"Mzee, shusha kidogo tu," Method alisema kwa upole. "Uko juu."

"Nimeshusha."

"Bado uko juu, Mzee."

Mzee Kobero aliinama, akaweka kiganja juu ya amplifaya yake kubwa nyeusi, akatulia hapo kwa muda. Amekuwa akifanya hivyo tangu nilipomfahamu. Kabla hajapiga sauti yoyote huinama, huweka mkono juu ya Bi Kizito, kama anavyoiita amplifaya hiyo, hufumba macho. Sisi wa bendi tulizoea kunyamaza mpaka amalize, kwa heshima ile ile ya kumsubiri mtu amalize dua. Alipoinuka siku hiyo, uso wake ulikuwa umechoka.

"Tupige hivyo hivyo," alisema.

Tulipiga. Mimi nipo nyuma ya meza ya sauti, na naapa nilitamani kuziba masikio. Vidole vya Mzee vilikuwa vinakimbia vizuri kama siku zote, lakini gitaa lake lilikwaruzana na mengine kila yalipokutana. Mwimbaji alijaribu kumfuata Mzee, akawaacha wenzake. Akajaribu kuwafuata wenzake, akamwacha Mzee. Katikati ya sebene Mzee aliweka kiganja juu ya nyuzi zote na kuzinyamazisha.

"Sikio la kufa halisikii dawa," alisema, akajaribu kucheka. "Jumamosi napiga na nyinyi dansi la mwisho. Baada ya hapo gitaa hili ni la Method. Msibishane na mimi, nimeshasema."

Hakuna aliyebisha. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Watu walitazama chini, mpiga tumba akajifanya anafunga kamba, na mimi niliyekuwa na la kusema nikanyamaza kuliko wote.

*

Walipoondoka nilichukua bisibisi nikafungua mgongo wa Bi Kizito.

Ndani hamkuwa na Bi Kizito. Mlikuwa na kisanduku cha kijivu chenye ukubwa wa sabuni ya kufulia, betri yake, na spika moja. Kwa mbele nilikuwa nimeacha taa nyekundu ya zamani iwake. Kwa juu, chini kabisa ya ubao anapoweka kiganja, nilikuwa nimefunga hita ndogo ya waya, ili ubao upate joto lile lile la valvu, zile chupa za kioo zinazowaka ndani ya amplifaya za kale. Kazi ile ya hita niliionea fahari sana. Niliipima kwa kiganja changu, nikaipunguza, nikaipandisha, mpaka ikawa sawasawa.

Bi Kizito wa kweli, yaani transfoma yake, valvu zake na nyaya zake zilizoungwa kwa mkono na mafundi waliokwisha kufa, alikuwa stoo, amefunikwa turubai.

Sikumtoa kwa kupenda. Mtaa wetu, kama mitaa yote ya Morogoro siku hizi, una Chungu kimoja: betri yenye ukubwa wa chumba, imefukiwa chini ya uwanja wa mpira, inalishwa na jua la mapaa yote. Mnachokichota ni hicho hicho. Ndiyo maana dansi sasa linapigwa mchana, jua likiwa kali na Chungu kimejaa. Umeme wa Chungu ni mnyoofu, unakwenda njia moja kama maji ya bomba. Bi Kizito alizaliwa zama za umeme wa mawimbi, ule wa kwenda na kurudi, kwa hiyo ilibidi kumwekea inveta ya kumtengenezea mawimbi ya kale, na inveta nayo inakula. Kila alipowashwa, mashine ya kusaga ya jirani ilipungua nguvu. Mwaka huu, siku moja ya mawingu, friji la chanjo la zahanati lilizimika katikati ya dansi. Dozi za watoto zikamwagwa. Mkutano wa mtaa ukakaa, ukasema Bi Kizito asiwashwe tena, na sikuona mtu wa kumlaumu. Mzee hakuwepo mkutanoni, na hakuna aliyethubutu kumpelekea habari hiyo.

Mkurugenzi wetu, Mama Tindwa, ndiye mwenye vyombo vyote vya bendi. Alipoanza kumdokeza Mzee kuhusu kupumzisha amplifaya, Mzee alimkata kauli: "Akitoka yeye, natoka mimi." Mama Tindwa akarudi kwangu. Bila solo la Mzee Kobero, Bondwa Jazz ni bendi ya harusi tu. Akaniuliza kama naweza kumchukua Bi Kizito kivuli bila Mzee kujua.

Kivuli ni kifaa cha kujifunza. Unakiunganisha na amplifaya ya kweli, unaipigia sauti za kila namna, ndogo, kubwa, za upole, za hasira, na kila inavyojibu Kivuli kinaandika. Mwisho wake kinajua kujibu chenyewe. Ukikwaruza uzi kidogo kinalalama kidogo, ukiupiga kwa nguvu kinakoroma kama valvu iliyozidiwa. Method na mpiga besi walipewa vyao siku hiyo hiyo, waziwazi, pamoja na vitaa vya kutyuni. Mzee aliambiwa yeye ndiye pekee aliyeachiwa amplifaya ya kweli. Alifurahi sana, akanishika bega na kuniambia Mungu anizidishie.

Basi nilikaa sakafuni na kisanduku changu, nikakilinganisha na rekodi za Bi Kizito. Mistari miwili kwenye kioo ilipandana, huoni wa juu wala wa chini. Nikaipandisha ukubwa, ikapandana. Nikafumba macho nikasikiliza sauti moja baada ya nyingine, nikashindwa kujua ipi ni ipi, mimi niliyeifanya kazi hiyo. Nikapiga teke mguu wa meza nikaumia.

Kama Kivuli ni kilekile, basi Mzee ndiye aliyebadilika. Kitaa kilisema hivyo, mistari ilisema hivyo, na bendi nzima ilisema hivyo kwa kunyamaza. Ila sikuamini. Mtu hapotezi masikio wiki ile ile anayobadilishiwa amplifaya.

*

Kesho yake nilikwenda kwake Mji Mpya. Nilimkuta barazani, mkewe Bi Adelina akimsomea majina ya matone ya masikio aliyoletewa na majirani, na yeye akitikisa kichwa kwa kila moja.

"Shikamoo Mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa. Umekuja kunibembeleza?"

"Nimekuja kuuliza tu."

Bi Adelina alituachia chai akaingia ndani. Mzee alizungusha kikombe chake muda mrefu bila kunywa. Kisha akasema bila kuniangalia:

"Nikikuambia kitu, hakitoki hapa."

"Hakitoki, Mzee."

"Bi Kizito simsikii tena."

Nilidhani ameshajua. Lakini aliendelea kwa sauti ya mtu anayesimulia ugonjwa wa aibu.

"Ule mvumo wake. Unaujua ule mvumo akiwa amewashwa tu, hujagusa uzi? Mmmm, unavuma chini chini. Toka nikiwa kijana naufuata ule. Hatukuwa na vitaa sisi, wala piano ya kutupa sauti. Mwalimu wangu alinionyesha: washa, inama, sikiliza, uzi wa tatu uutafute humo humo ndani ya mvumo. Ukiupata, unatulia. Ukikosea kidogo utasikia unatetemeka, wau-wau-wau. Nyuzi nyingine zinaufuata huo. Halafu nawapigia wenzangu, wananifuata mimi. Maisha yangu yote nimetyuni hivyo."

"Kwa hiyo ukiinama pale..."

"Namsikiliza. Nyinyi mlidhani nafanya nini?"

"Na mkono?"

"Mkono naegemea. Nina mgongo mbovu mimi."

Nilitaka ardhi ipasuke. Yeye aliendelea, na sauti yake ikapungua.

"Sasa naegemea, na simsikii. Kimya kabisa. Mwanzo nilidhani ni uchovu. Nikasema basi nitatyuni kwa kukumbuka, sauti ile naijua kuliko jina langu. Nikiikumbuka, kitaa kinasema nimekosea, Method anasema nimekosea. Kwa hiyo hata kukumbuka kumekwenda." Hapo ndipo aliponiangalia. "Wewe unausikia ule mvumo, si ndiyo? Ukikaa pale mezani kwako?"

Swali lilikuwa dogo hivyo. Ningejibu hapana, angejua masikio yake ni mazima, na angejua papo hapo tumemfanya nini. Nilimwona akisubiri. Niliona jinsi alivyoshika kikombe kwa mikono miwili.

"Kidogo," nikasema.

Alitikisa kichwa polepole, akakubali. "Haya. Nashukuru kwa kusema kweli."

*

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja ukumbini nikafungua kumbukumbu za Kivuli, na haikuchukua muda, kwa sababu sasa nilijua ninachotafuta.

Kivuli kilipomaliza kujifunza kiliniuliza kama kiondoe uchafu. Nilijibu ndiyo. Nani anaulizwa kama uchafu uondolewe akajibu hapana? Kikaufagia mvumo wote wa mawimbi ya inveta, kikauweka kwenye pipa lake la taka. Wakati wa kulinganisha, kikaufagia mvumo na kwenye rekodi pia kabla ya kunichorea mistari. Ndiyo maana ilipandana vizuri vile. Nilikuwa nalinganisha kitu kilichofagiliwa na kingine kilichofagiliwa.

Na kuhusu kitaa: umeme wa kale ulikwenda na kurudi mara hamsini kwa sekunde. Mvumo unaotoka humo una ndugu zake wa juu, na mmoja wao anatikisika mara mia mbili. Uzi wa tatu wa gitaa, kwa kipimo cha dunia nzima, hutikisika mara mia moja tisini na sita. Tofauti ni ndogo, haifiki hata nusu ya nusu-sauti. Lakini Bondwa Jazz yote, tangu baba zetu wakiwa vijana, imekuwa ikikaa juu kwa kiasi hicho hicho. Watu wanasema muziki wetu una ukali fulani wa kuamsha mtu. Ukali wenyewe ndio huo. Mzee alikuwa anakumbuka sawasawa, uzi kwa uzi. Vitaa ndivyo vilivyokuwa havituhusu.

Nilicheka peke yangu, kisha nikalia kidogo kwa hasira, kisha nikaenda kwa Mama Tindwa ofisini kwake nyuma ya baa.

"Tumwambie," nilisema baada ya kumweleza yote. "Leo hii. Masikio yake ni mazima, Mkurugenzi. Anaacha gitaa kwa ugonjwa ambao hana."

Mama Tindwa alivua miwani. Si mtu mbaya, na ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mbaya.

"Tukimwambia, atafanya nini?"

"Atakasirika."

"Ataondoka. Alisema mwenyewe. Kwa hiyo ukimwambia unampoteza, usipomwambia unampoteza. Huo mvumo, unaweza kuurudisha?"

"Upo kwenye pipa. Naweza."

"Basi urudishe. Ainame Jumamosi, amsikie bibi yake, atyuni, apige, aone amepona. Afute hayo maneno ya la mwisho. Kila mtu anabaki."

"Na vitaa?"

"Ving'oe. Sema vimeharibika."

"Mkurugenzi, huo ni uongo wa pili wa kufunika wa kwanza."

"Wa tatu," alisema. "Umesahau ulichomjibu barazani."

Wahenga wamesema njia ya mwongo ni fupi, lakini hawakusema mwongo afanye nini akiwa katikati yake, mbele giza na nyuma giza. Upande mmoja nilikuwa na ukweli ambao ungemponya masikio na kumvunja moyo. Upande wa pili nilikuwa na dawa ya uongo kwa ugonjwa wa uongo. Na dawa ingefanya kazi, hilo ndilo lililonikera. Nilijua itafanya kazi.

Niliurudisha mvumo. Nikauinua mpaka ukafika pale ulipokuwa, nikaegemeza sikio kwenye ubao. Mmmm. Nikapiga uzi wa tatu wa gitaa la zamani lililokuwa stoo, ukatetemeka, nikaukaza, ukatulia. Ulikuwa mtamu kuliko nilivyotarajia, na niliuchukia.

*

Jumamosi ukumbi ulijaa kabla jua halijafika utosini. Habari za la mwisho la Mzee Kobero zilikuwa zimefika mpaka Kihonda. Mapangaboi yalizunguka darini, friji za baa zilivuma, watoto walining'inia madirishani. Mzee alikuja na suti ya rangi ya kahawa, amenyoa, gitaa limefutwa vumbi. Alinipita bila maneno mengi, kama mtu anayekwenda kuaga maiti.

Aliinama juu ya amplifaya. Akaegemea kiganja. Akafumba macho.

Nilimwona anavyosikia. Mabega yalishuka kwanza. Kisha akafumbua macho, akasogeza sikio karibu zaidi na ubao, akakaa hivyo. Alipoinuka alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na hakujificha.

"Amerudi," alimwambia Method. "Namsikia. Namsikia kabisa." Akapiga uzi wa tatu, akaukaza kidogo, ukatulia. Akawapigia wenzake kama zamani, nao, kwa kuwa vitaa vyao vilikuwa mfukoni mwangu, wakamfuata. Mwimbaji alipofungua kinywa, nilisisimka mikono. Ule ukali ulikuwa umerudi.

Walipiga nyimbo tatu mfululizo na watu hawakukaa. Kati ya wimbo wa tatu na wa nne Mzee alikishika kipaza sauti. Mama Tindwa alinitazama kutoka mlangoni, akatabasamu, maana tulijua anachotaka kusema. Alikuwa anafuta la mwisho.

"Ndugu zangu," Mzee alisema, "wiki hii niliwaambia watu kwamba masikio yangu..."

Wingu kutoka mlima Bondwa lilikuwa limefunika mapaa kwa muda, na mimi kwa furaha yangu sikuwa nimeangalia kipimo cha Chungu. Siku hizi Chungu kikipungua, utaratibu unakata starehe kwanza ili zahanati ibaki. Kipaza sauti kilikufa katikati ya neno. Mapangaboi yalipunguza mwendo yakasimama. Friji za baa zilinyamaza moja moja. Watu wakasema aaah, kisha wakanyamaza nao, wakisubiri.

Katika kimya kile Bi Kizito aliendelea kuvuma.

Mmmm, chini chini. Taa yake nyekundu ikiwaka, peke yake jukwaani. Nilikuwa nimempa betri yake ili asiguse Chungu hata kidogo. Nilikuwa fundi makini sana.

Mzee aliangalia mapangaboi. Akaangalia spika kubwa za ukumbi, zilizokuwa kimya. Akageuka taratibu akaiangalia amplifaya yake, kisha akanitafuta mimi kwa macho mpaka akaniona. Nilitoka nyuma ya meza nikapanda jukwaani, maana kubaki kule kungekuwa aibu nyingine.

"Umeme umekatika," alisema kwa sauti ya chini. Waliokuwa mbele tu ndio waliosikia. "Huyu anavuma na nini?"

"Betri, Mzee."

"Bi Kizito halishwi na betri."

"Siye yeye, Mzee. Yeye yuko stoo. Hiki ni Kivuli chake. Kipo humu tangu wenzako walipopewa vyao."

"Na ule wakati nilipokuwa simsikii?"

"Mvumo haukuwepo. Niliufuta bila kujua kazi yake. Juzi nikaurudisha."

Alipiga uzi wa tatu kwa kidole gumba. Ukakaa ndani ya mvumo bila kutetemeka. "Kwa hiyo masikio yangu ni mazima."

"Ni mazima. Yalikuwa mazima siku zote. Vitaa ndivyo vilivyokosea."

"Nilikuuliza barazani kwangu," alisema. "Nilikuuliza kama unausikia."

"Ndiyo, Mzee."

"Ukaniambia kidogo. Toka siku ile nimelala nikijiona kiziwi." Hakupandisha sauti. "Kwa nini?"

Nilimweleza kuhusu zahanati, dozi zilizomwagwa, mkutano wa mtaa. Nilimkumbusha kwamba alisema Bi Kizito akitoka, naye anatoka.

"Nilisema nikiwa na hasira. Mtu akisema kwa hasira mnasubiri apoe, halafu mnarudi kumuuliza. Wajukuu zangu wanachanjwa pale. Mngeniambia chanjo, ningekataa nini mimi?" Akaegemea ubao kwa mazoea, kisha nikaona kiganja chake kikisimama pale, kikipapasa. Kikasogea kushoto, kikasogea kulia, kikarudi palipo na joto. "Kivuli kinapata moto hivi?"

"Hapana, Mzee."

"Hili ni nini basi?"

"Hita. Niliifunga mimi."

Alifikiri. Niliona anavyolifuata lile jambo hatua kwa hatua.

"Sauti mliitengeneza kwa ajili ya hawa," alisema, akionyesha ukumbi kwa kidevu. "Hilo nalielewa. Watu wanataka kucheza. Joto hili hakuna anayelisikia isipokuwa mkono wangu. Ulikaa chini, mwanangu, ukanifikiria mimi peke yangu, ukafunga waya huu."



Method alikuwa amesimama karibu, amesikia yote. Mzee alimwambia yeye na mpiga besi wasogee, watyuni upya wakati kimya kipo. Wakainama watatu juu ya ule mvumo wa bandia, vichwa vimekaribiana, wakakaza na kulegeza. Watu ukumbini walinyamaza kama tulivyokuwa tukinyamaza sisi, wakidhani ni dua. Wingu lilipopita na mapangaboi yakaanza kuzunguka, walipiga mpaka mwisho. Hakusema tena habari za masikio wala za la mwisho, si kulifuta wala kulithibitisha, na Mama Tindwa mlangoni aliacha kutabasamu akabaki anasubiri.

Mimi nilisubiri zaidi yake. Watu walipotoka nilikunja nyaya polepole kuliko inavyohitajika. Mzee alilaza gitaa lake kwenye sanduku, akalifunga, na hakumpa Method. Alilining'iniza begani mwake. Akashuka jukwaani, akapita mbele yangu, akafika mlangoni ndipo akasimama. Tangu nilipojiunga na bendi hiyo hajawahi kuniita bila kusema mwanangu.

"Fundi," aliniita.

"Naam, Mzee."

"Jumamosi ijayo nikute umetoa hiyo hita."